Igizo kamili, igizo shirikishi, barakoa au saikodrama: kipi kinafaa kwa hasira za wafungwa?

Kikundi cha sanaa kikibisha hodi gerezani, mkuu wa gereza huuliza mambo matatu: watu wangapi, siku ngapi, na je, kutakuwa na fujo? Ni nadra aulize ni maigizo ya aina gani. Kwake maigizo ni maigizo. Lakini kwa anayetaka wafungwa wajifunze kuishika hasira yao, uamuzi mzito uko hapo hapo, kwa sababu njia hizi hazilingani. Moja inakula miezi, nyingine inamalizika kwa siku tatu. Moja anaweza kuiongoza msanii yeyote mzoefu, na nyingine msanii akiishika peke yake anaweza kumwumiza mtu.

Ulinganisho huu ni wa ofisa ustawi, kasisi au imamu anayehudumu gerezani, na vikundi vidogo vya sanaa vyenye moyo lakini visivyo na fedha. Ili usielee hewani, tuchukue ugomvi mmoja tuupitishe kwenye kila njia. Foleni ya chakula: mtu amesimama na sahani yake, mwingine anajichomeka mbele. Anaambiwa arudi nyuma. Anajibu, "Kwani wewe nani?" Kufumba na kufumbua, ugali uko chini na mmoja anavuja damu puani.

Kwanza, ni hasira kweli?

Programu nyingi za kudhibiti hasira zimejengwa juu ya kazi ya Raymond Novaco, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha utafiti wake wa msingi mwaka 1975. Hoja yake ni kwamba uchokozi haurushi ngumi wenyewe. Kati ya uchokozi na ngumi kuna namna mtu alivyolichukua jambo ("amenidharau mbele za watu"), kuna mwili (moyo unakwenda mbio, taya zimekaza), na kuna maneno anayojiambia ("nikinyamaza leo, kesho watanipanda kichwani"). Mafunzo yanaingilia hapo katikati. Jamaa wa foleni ndiye mteja halisi wa mafunzo hayo.

Ila si kila jeuri ina hasira nyuma yake. Anayekaba watu usiku ili achukue simu hajapandwa na jazba. Yuko kazini. Na mume anayempiga mkewe nyumbani, lakini hajawahi kumgusa bosi wake wala trafiki aliyemwandikia faini, anajua kujizuia vizuri kuliko wengi wetu. Shida yake ni kuamini kwamba ana haki ya kumtawala mwenzake. Ndiyo maana wanaharakati wa Duluth, Minnesota, walipotengeneza programu yao kwa wanaume wapigaji mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliweka utawala na mamlaka katikati ya somo badala ya hasira. Mtu huyo ukimwingiza kwenye warsha ya hasira atatoka na cheti na msamiati mpya wa kumlaumia mkewe. Na kwa kuwa warsha yenyewe ni ya maigizo, umemfundisha pia kuigiza majuto.

Kwa hiyo orodha ya washiriki ni muhimu kuliko njia. Kaa na ofisa anayewafahamu, soma mashtaka, zungumza na kila mmoja. Ukipewa watu ishirini waliookotwa uwanjani kwa sababu wamekaa bure siku hiyo, hakuna njia kati ya hizi itakayokuokoa.

Igizo kamili: lenye sifa kubwa kuliko zote

Hii ndiyo njia inayopendwa na kamera: wafungwa wanafanyia mazoezi tamthilia nzima mpaka wanaionyesha mbele ya watu. Volterra, Italia, Armando Punzo amekuwa akifanya kazi na wafungwa tangu 1988. Kentucky, Marekani, Curt Tofteland alianzisha programu ya Shakespeare Behind Bars mwaka 1995 katika gereza la Luther Luckett. Mwaka uliofuata, ndani ya Sing Sing huko New York, ikaanza programu ya Rehabilitation Through the Arts. Lebanon nayo ina Zeina Daccache, aliyewaongoza wafungwa wa gereza la Roumieh mwaka 2009 kuonyesha igizo lililotoholewa kutoka tamthilia ya Twelve Angry Men, na watu wa nje wakaingia gerezani kulitazama.

Faida zake ni za kweli. Mtu anajifunza kungoja zamu yake. Anaambiwa "rudia" mbele ya wenzake mara kumi bila kuona amedhalilishwa. Anakariri maneno, anategemewa, na mama yake anakuja kumwona akipigiwa makofi badala ya kuhukumiwa. Kwa mfungwa wa kifungo kirefu ambaye siku zote zinafanana, hiyo si zawadi ndogo.

Sasa lete ugomvi wa foleni. Igizo kamili halina la kusema kuhusu foleni. Litaugusa ugomvi huo endapo tu utazuka katikati ya mazoezi, na hapo kila kitu kinamtegemea mwongozaji. Atasimamisha mazoezi na kuwauliza wahusika nini kimepita vichwani mwao? Au atasema "yaishe, tuendelee"? Zikibaki wiki mbili watu waje kutazama, najua atasema lipi. Onyesho likikaribia, onyesho hushinda.

Kuna jambo jingine ambalo wasifiaji hulipita haraka. Anayeruhusiwa kuingia kwenye kundi la maigizo ni mfungwa mwenye nidhamu nzuri. Mkorofi haruhusiwi, au anaondolewa ugomvi wa kwanza tu. Mwisho wa mwaka unaambiwa kwamba waliocheza hawakupigana. Hawakuwa wapiganaji tangu mwanzo! Kama lengo lako ni hasira, mlango wa kuingilia lazima uwe mpana kwa wale wale wanaosumbua, na igizo lenye mhusika mkuu mmoja haliwezi kuwabeba: akifungiwa kwa kosa la nidhamu, limekwama.

Kwetu Tanzania kuna sababu nyingine ya kulikwamisha. Mfungwa huhamishwa, au jina lake hutoka kwenye msamaha wa Rais wa Aprili 26 au Desemba 9. Ni la kushangilia, bila shaka. Lakini anza upya kumtafuta mfalme wako wa jukwaani.

Igizo shirikishi: tunalolijua zaidi

Augusto Boal, Mbrazili aliyekamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971 kisha akaenda uhamishoni, alilikuza igizo hili alipokuwa Peru mwaka 1973 kwenye kampeni ya kufuta ujinga. Tukio linaonyeshwa mpaka linaharibika. Linarudiwa, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kusema "simama!", akapanda jukwaani, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine.

Afrika Mashariki njia hii ina wenyewe. Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakifanya sanaa za maonyesho kwa maendeleo na wanakijiji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi ya Malya, Mwanza, ikiwa ndiyo inayotajwa sana. Kikundi chochote kilichowahi kucheza kuhusu Ukimwi sokoni kina nusu ya ujuzi unaohitajika. Huna haja ya kumwajiri mtu wa mbali.

Foleni ya chakula ni kama imeumbwa kwa ajili ya jukwaa hili. Watu themanini uwanjani, wote wanalijua tukio, kila mmoja ana dawa yake. Mmoja anajaribu kumtania mrukaji. Mwingine anamwita nyapara. Wa tatu anaamua kumwacha apite, na wenzake wanamzomea kwamba kesho watarukwa wote. Mjadala unaozuka hapo ni wa thamani, kwa sababu unafichua kanuni ambayo hakuna mahubiri yanayoigusa: gerezani, kunyamaza kuna gharama. "Hasira hasara" wanaijua tangu shule ya msingi. Wasichokijua ni namna ya kutopigana bila kugeuka mnyonge wa selo.

Matatizo ni mawili. Boal alilijenga igizo hili kwa ajili ya anayeonewa, na kanuni yake ilikuwa kwamba anayebadilishwa jukwaani ni yeye, kwa kuwa mwonevu hana shauku ya kubadilika. Kwenye warsha ya hasira mtu wako ni yupi kati ya hao wawili? Wa foleni amerukwa, na yeye ndiye aliyevunja pua ya mtu. Ukimchezesha kama aliyeonewa tu, umemwidhinishia ngumi yake. Mwezeshaji mzuri hulisema hilo wazi na kuruhusu pande zote mbili zibadilishwe, hata kama Boal mwenyewe angekunja uso.

La pili ni macho ya askari. Watazamaji wanapojua afande amesimama mlangoni, majibu huwa ya kumpendeza yeye: "Ningemripoti kwa uongozi." Wote wanapiga makofi na hakuna hata mmoja atakayefanya hivyo. Boal aliyaita majibu yasiyowezekana mazingaombwe, na alimtaka mwezeshaji awaulize watazamaji kama wanayaamini. Gerezani swali hilo liulizwe kila mara, kwa sauti, bila woga wa kuharibu furaha.

Na bado, baada ya vicheko vyote, mwenye hasira kali anaweza kuwa amekaa nyuma akitazama, asifanye zoezi lolote. Igizo shirikishi hufundisha umati. Mtu mmoja mmoja linamgusa kwa bahati.

Barakoa na warsha ndogo: chaguo langu kwa hasira yenyewe

Kundi la Geese Theatre lilianzishwa Marekani na John Bergman mwaka 1980. Tawi la Uingereza, lenye makao Birmingham, limekuwapo tangu 1987 na hufanya kazi na wafungwa na watu walio chini ya uangalizi wa kisheria nje ya gereza. Silaha yao ni barakoa. Mhusika aliyevaa barakoa anaonyesha sura anayoiuza kwa watu, na wakati wowote mtazamaji anaweza kumwambia ainyanyue. Akiinyanyua, analazimika kusema anachokiwaza kweli. Zipo pia barakoa ndogo za kushikwa mkononi, kila moja na tabia yake: ya ngumi, ya ukuta, ya mchekeshaji, ya yule asiyejali chochote, ya yule ambaye daima ndiye aliyeonewa.

Manchester nako, James Thompson na Paul Heritage walianzisha mwaka 1992 kituo cha maigizo ya magerezani na uangalizi kwenye chuo kikuu. Kwa kushirikiana na idara ya uangalizi ya eneo hilo, kituo kikatengeneza warsha ya hasira iliyoitwa Pump!, ambayo ilishika mambo ya Novaco ikayatia miguu na mikono, badala ya kuyaacha kwenye ubao na karatasi za kujaza.

Tazama foleni inavyokuwa hapa. Kundi ni la watu wanane hadi kumi na wawili, mlango umefungwa. Tukio linachezwa na wawezeshaji na linasimamishwa pale pale "Kwani wewe nani?" inapotamkwa. Hakuna anayeulizwa angefanya nini. Swali ni: *anajiambia nini sasa hivi?* "Ananiona mimi takataka." Tena? "Wote wananitazama." Tena? Barakoa ya ngumi inanyanyuliwa, na chini yake, mara nyingi, kuna aibu. Kisha wanatafuta sentensi nyingine ya kujiambia, wanaijaribu, na kama ni ya kinafiki wenzao wanaitupa. Sentensi ya aina ya "huyu anataka nipoteze msamaha wangu, simpi" hudumu kuliko "mimi ni mtu wa amani".

Halafu linakuja zoezi lenyewe, ambalo ni igizo dhima kwa ngazi. Mwezeshaji anamchokoza mshiriki kwa upole. Akiweza, anapandisha kidogo: sauti, umbali, neno la dharau. Mwili unapata mazoezi ukiwa umeanza kupamba moto, jambo ambalo mazungumzo ya kukaa kwenye viti hayatoi kamwe. Hapa ndipo maigizo yanapoishinda semina kwa mbali. Kwenye kiti kila mtu ana busara.

Kuna masharti, na ukiyakosa ni afadhali usianze. Mtu asicheze kosa lake mwenyewe wiki za mwanzo. Mpe mhusika wa kubuni anayefanana naye kiasi, aseme mengi akiwa amejificha nyuma yake. Kila tukio lifungwe kwa kumvua mtu uhusika: jina lake, mahali alipo, tarehe, maji ya kunywa. Ukimrudisha mtu selo akiwa bado na mori ya igizo, ngumi itampata mtu asiyehusika.

Na mkimbie mwezeshaji anayesema "tuwaache watoe hasira zao". Kupiga mito, kupiga kelele, kuvunja vitu: watu wengi wanaamini vinapoza. Mwaka 2002 Brad Bushman alichapisha jaribio ambalo watu waliokasirishwa walipiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka na hasira zaidi, na wakawa wakali zaidi kuliko walioketi bila kufanya chochote. Warsha inayofanya mazoezi ya kulipuka inazalisha walipukaji hodari.

Udhaifu wa njia hii ni idadi ndogo ya watu na ugumu wa kumpata mwezeshaji. Barakoa zenyewe unaweza kuzitengeneza kwa karatasi na gundi ya unga. Jicho la kujua sekunde ipi ya kusimamisha halinunuliwi. Linahitaji watu wawili, msanii na mshauri nasaha, waliofanya kazi pamoja mpaka wakajuana.

Saikodrama: iache, isipokuwa…

Jacob Moreno alianza kuitumia njia hii Vienna kabla ya kuhamia Marekani. Mtu anaigiza maisha yake mwenyewe, wenzake wakiwa baba, mama, ndugu aliyekufa. Gereza la Grendon, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1962 kama mahali pa tiba, limeitumia kwa watu waliofanya jeuri nzito.

Hapa foleni itasahaulika ndani ya dakika kumi. "Kwani wewe nani?" itageuka sauti ya baba wa kambo, na mtu mzima atalia. Huenda ndicho hasa alichokihitaji. Lakini Grendon kuna wataalamu wa tiba ya nafsi, kundi ni lile lile kesho asubuhi, na mfungwa anakaa humo miezi, pengine miaka. Gereza lako likoje? Saa kumi jioni wanahesabiwa, mlango unafungwa, naye analala bega kwa bega na watu waliomwona akilia. Bila mtaalamu aliyesomea saikodrama na anayebaki baada ya wewe kuondoka, usiiguse.

Jirani yao, AVP

Siyo maigizo kwa jina, ila inayatumia. Alternatives to Violence Project ilianza mwaka 1975 katika gereza la Green Haven, New York, wafungwa waliposhirikiana na Quakers, yaani waumini wa Kanisa la Marafiki. Ni warsha ya takriban siku tatu yenye michezo, mazungumzo na igizo dhima, na ina ngazi tatu: ya msingi, ya juu na ya wawezeshaji. Kenya, Rwanda na Burundi inajulikana vizuri. Kenya, ambako Kanisa la Marafiki lina mizizi mirefu magharibi mwa nchi, ilitumika pia vijijini baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007.

Kwa ugomvi wa foleni AVP haichimbi kama barakoa zinavyochimba. Siku tatu hazitoshi kupanda ngazi za uchokozi. Lakini ina kitu ambacho njia nyingine zote hazina: mfungwa anaweza kuhitimu na kuwa mwezeshaji. Ugomvi unapozuka usiku, wewe uko nyumbani kwako umelala. Yeye yuko mita mbili.

Ukipewa gereza, ungechukua lipi?

Kwa mahabusu, ambao leo wapo na kesho wako mahakamani, ningechukua igizo shirikishi, kila kikao kikiwa kimekamilika chenyewe. Usianze kitu chenye sehemu ya pili. Wala usimruhusu mahabusu aigize kesi yake: kuna masikio, na kesi haijaisha.

Kwa wafungwa wa miaka miwili hadi mitano ambao majina yao yanajirudia kwenye daftari la makosa ya nidhamu, barakoa na warsha ndogo, ikitanguliwa na AVP kama ipo karibu. AVP itakuonyesha nani yuko tayari.

Kwa wa kifungo cha maisha, igizo kamili, na usiwaambie ni programu ya hasira. Waambie ni igizo. Lifanyike vizuri kama igizo, na yatakayopungua kwenye hasira yao yawe nyongeza.

Kwa wanawake ningesita kuanza na hasira kabisa. Wengi wanaingia wakiwa na hasira iliyomezwa miaka mingi, na somo la kuimeza tena ni tusi. Daccache alipofanya kazi na wanawake wa gereza la Baabda, alianzia kwenye simulizi za maisha yao, na naona huo ndio mlango.

Askari nao? Mapendekezo ya vikundi huwasahau, na ni kosa. Foleni inayovurugika kila siku kwa sababu chakula hakiwatoshi wa mwisho si tatizo la saikolojia. Kumfundisha mtu kupumua polepole huku sahani yake ikiwa tupu ni kumdhihaki. Cheza tukio la foleni mbele ya maofisa peke yao, nafasi ya mfungwa aichukue mmoja wao, uone kama utaratibu wa kugawa chakula hautajadiliwa kabla hawajanyanyuka.

Ukienda kuomba kibali, usiombe ukumbi mkubwa wala spika. Omba chumba chenye mlango unaofungika, orodha ya majina ambayo haitabadilishwa mpaka programu iishe, ofisa mmoja yule yule kila kikao, na muda unaokwisha angalau saa moja kabla ya hesabu ya jioni. Ukinyimwa la chumba, badilisha njia uchukue igizo shirikishi la uwanjani. Ukinyimwa la orodha, ahirisha.